Bi Skrubu na Mzigo Uliorudi

Watu walikwishasahau jina alilopewa na wazazi wake. Walimwita Bi Skrubu, naye akaitika hivyo hivyo, kwa sababu katika miaka kumi na mmoja ya kazi hakuna siku aliyofunga laptopu ya mtu akabaki na skrubu mezani. Ukimpelekea mashine yenye skrubu kumi na mbili, utaondoka na kumi na mbili, kila moja kwenye tundu lake. Na kama moja ilikuwa imepotea kabla hujafika kwake, atakutafutia nyingine, ila atakusema mpaka utoke mlangoni.

Chumba chake cha kazi kilikuwa ghorofa ya pili, mwisho wa korido, kati ya mshona mapazia na mpiga picha za vitambulisho. Hakuna mpita njia aliyepanda ngazi zile kwa bahati. Wateja tisa katika kumi walimpata kwa simu, kwenye soko la mtandaoni, ambako duka lake lilikuwa na jina, picha ya meza yake, na nyota nne na nusu alizozitolea jasho moja moja. Alinunua laptopu zilizochoka, akazifungua, akazisafisha, akazitia betri nzima, akaziuza kwa watu wasio na uwezo wa kununua mpya. Duka lile lilimlisha yeye na waliokuwa nyuma yake. Likifungwa, abebe bisibisi zake akakae nyumbani amtazame mumewe, na mumewe ni dereva wa lori, hata wa kutazamwa hayupo.

Maneno alimwachia wifi yake, dada wa mumewe. Wifi ndiye aliyepiga picha, akatangaza, akajibu wanunuzi, akafunga mizigo na kuikabidhi kwa mpeleka mizigo. Alikuwa na ulimi wa asali. Mtu angeanza kumtukana saa tatu, saa nne anamwombea dua. Lakini alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kuvumilia mtu amkasirikie. Ukimnunia Wifi kidogo tu, atakupa hata kiti alichokalia ili ucheke.

Basi Jumanne moja asubuhi Wifi aliingia na simu mkononi, uso umemshuka.

"Wifi, usipandishe mori. Kwanza kaa."

"Nimekaa tangu saa mbili. Sema."

"Yule mteja wa wiki iliyopita. Mstaarabu."

Hilo ndilo jina alilojipa kwenye akaunti yake, jamani, Mstaarabu. Alinunua laptopu nyeusi, mojawapo ya zile kumi zilizotoka kwenye ofisi iliyofungwa, kumi za aina moja, rangi moja, utazifananisha mpaka uchoke. Sasa alikuwa ameandika kwenye ukurasa wa duka, mbele ya kila mwenye macho: "Nimeuziwa laptopu mbovu, haiwaki kabisa. Muuzaji ni mwizi. Jihadharini." Nyota moja. Pembeni alikuwa amefungua malalamiko kwenye dawati la usuluhishi la soko, akidai hela yake yote.

Bi Skrubu alisoma mara moja tu. Neno mwizi lilimwingia kifuani likakaa. Amewahi kuitwa mkali, amewahi kuitwa mchoyo wa tabasamu, na hayo hakuyakataa. Lakini mwizi!

"Laptopu ile ilitoka hapa inawaka," alisema. "Niliiacha inafanya kazi saa sita mfululizo. Niliipapasa mwenyewe kuona kama inapata joto."

"Najua, wifi. Lakini tumrudishie tu, tumalizane. Kuna kitufe hapa, nikikibonyeza kesi inakwisha palepale. Nilifanya hivyo kwa ile tableti, na kwa ile simu ya yule dada. Hakuna aliyesumbua tena."

"Kitufe gani?"

"Hiki. Nakubali."

Bi Skrubu aliichukua simu. Alivaa miwani yake ya kazi, ile yenye kioo cha kukuza, akakisogelea kitufe kama anavyosogelea nyaya. Chini ya neno Nakubali palikuwa na mstari wa maandishi madogo ya kijivu, madogo kama mayai ya chawa. Aliusoma kwa sauti. "Kwa kubonyeza hapa, muuzaji anakubali kosa."

Ng'ambo ya ukuta cherehani ya mshona mapazia ilikuwa inakwenda kwa kasi.

"Anakubali nini?" aliuliza Wifi.

"Kosa, wifi yangu. Ulikuwa unakubali kosa. Mara mbili." Bi Skrubu aliendelea kupekua mpaka akafika kwenye ukurasa wa taarifa ambao hakuna aliyewahi kuufungua. Hapo paliandikwa wazi, wala si kwa herufi ndogo: duka limethibitika kuwa na makosa mawili ndani ya mwaka, kosa la tatu duka linafungwa moja kwa moja.

Wifi aliketi juu ya boksi la chaja. Akajishika kichwa. "Mimi nilidhani ni kukubali yaishe. Nilidhani nanunua amani."

"Uliwauzia jina langu."

Maneno hayo yalitoka makali kuliko alivyokusudia, na Wifi akaanza kulengwalengwa na machozi. Bi Skrubu hakumbembeleza. Alimpa kitambaa cha kufutia skrini, kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu, akamwambia afute machozi kisha aandike neno kwa neno atakachomwambia.

"Andika hivi. Ndugu mnunuzi, rudisha mzigo. Nitaufungua kwa mkono wangu. Kosa likiwa langu, utapata hela yako yote na nauli juu. Kosa likiwa si langu, utajua pia."

"Hiyo ya mwisho niilainishe kidogo?"

"Iache hivyo hivyo."

Jibu halikuchukua hata nusu saa, na lilikuja limepakwa mafuta. Mstaarabu aliandika kwamba yeye hapendi ugomvi, ni mtu wa familia, kurudisha mzigo ni usumbufu kwa wote. Basi wakubaliane kiungwana: wamrudishie nusu ya hela, laptopu abaki nayo, na lile neno mwizi atalifuta siku hiyo hiyo.

Wifi aliinua macho yenye matumaini. Bi Skrubu alicheka, kicheko kikavu kisichofika machoni. "Kumbe mwizi ana bei! Asubuhi nilikuwa mwizi kamili, saa hizi nikitoa nusu ninakuwa mtu mwema. Na laptopu isiyowaka anataka kubaki nayo ya nini? Aifanye sinia? Mwambie arudishe mzigo."

Mzigo ulirudi Alhamisi. Mpeleka mizigo alitaka atiliwe sahihi aondoke zake, Bi Skrubu akamwambia, "Wewe kaka yangu kaa hapo kwenye stuli, dakika kumi tu, uwe shahidi," na kwa sauti ile hakuna aliyewahi kubisha. Wifi alishika simu akarekodi. Bi Skrubu alikata gundi ya boksi taratibu, akatoa laptopu, akaigeuza huku na huku. Aina ni ileile. Rangi ni ileile. Hata alama za kubanduliwa kwa stika ya ofisi zilikuwepo, maana wale wa ofisi walipobandua stika zao walibandua na namba za mashine zote kumi, na hilo lilikuwa limemuudhi tangu siku aliyozinunua.

Alibonyeza kitufe cha kuwasha. Kimya. Akapitisha kidole juu ya kibodi, herufi zikanata. Akainama akanusa.

"Chai," alisema. "Ya maziwa. Na sukari hawakubana."

Mpeleka mizigo alicheka. Bi Skrubu alifungua skrubu kumi na mbili, akazipanga kwenye vifuniko vya chupa kwa mpangilio wake, akainua kifuniko cha chini. Ndani palikuwa pamekauka ukoko wa kahawia kutoka kwenye kibodi mpaka kwenye bodi. Pembeni, juu ya skrubu inayoshika betri, palikuwa na nukta ndogo ya rangi ya kucha.

Nukta ile ilikuwa yake, hakuna ubishi. Ilikuwa desturi yake tangu alipoanza kazi: kila mashine inayopita mezani, kabla hajaifunga, anaitia nukta ya rangi ya kucha juu ya skrubu ya betri. Wateja wachache waliobahatika kuiona walidhani ni muhuri tu. Wasichojua, na hata Wifi hakujua, ni kwamba rangi ilibadilika kila mwezi. Alikuwa na chupa kumi na mbili kwenye droo, moja kwa kila mwezi, kwa sababu dhamana aliyoitoa ilikuwa ya siku thelathini, na alishachoka na watu wanaoleta mashine ya mwaka juzi wakiapa wameinunua juzi. Akifungua tu anajua. Mwezi huu ulikuwa wa zambarau. Laptopu aliyomuuzia Mstaarabu aliitia zambarau kwa mkono wake.

Nukta iliyokuwa mbele yake ilikuwa ya kijani. Kijani kilikuwa cha miezi minne nyuma.

Aliuliza kama kamera imeiona vizuri skrubu ya betri, Wifi akasema imeiona, basi akamshukuru mpeleka mizigo na kumruhusu aende.

"Wifi, kuna nini?" aliuliza Wifi mlango ulipofungwa. "Una uso wa mtu aliyeokota kitu."

"Andikia dawati sentensi moja tu. Hii siyo laptopu niliyomuuzia."

"Ushahidi je? Video tunayo!"

"Bado. Kwanza tumwache aseme. Nataka aseme mwenyewe, kwa maandishi, asije akapata pa kurudi."

Na Mstaarabu alisema, wee, alisema mpaka akapitiliza! Siku ya pili asubuhi dawati liliwatumia utetezi wake, ukurasa mzima, wa mtu aliyeonewa. Alisema muuzaji sasa anakana mali yake mwenyewe. Alisema yeye si mtu wa kubahatisha, ndiyo maana laptopu ilipogoma kuwaka aliipeleka kwa fundi, na fundi alipoifungua alikuta alama ya muuzaji. Picha akaiambatisha, kubwa, safi, ameizungushia duara jekundu. "Ndugu msuluhishi, tazama skrubu ya betri. Rangi ya kucha ya kijani. Huo ni mkono wake. Hiyo ndiyo laptopu niliyoipokea wiki iliyopita, nami ninaapa. Au muuzaji ataukataa hata mkono wake?"

Bi Skrubu aliisoma sentensi hiyo ya kiapo, akairudia. "Asante baba," alisema polepole. "Mungu akuzidishie akili."

Lakini msuluhishi, ambaye huenda alikuwa na kesi mia mbili mezani na hamu ya kwenda kula, aliona tofauti. Saa saba mchana ujumbe wake uliingia. Ndugu muuzaji, mnunuzi ametoa ushahidi ulio wazi. Picha za tangazo lako haziwezi kusaidia kwa kuwa picha hizohizo zimetumika kwenye matangazo saba tofauti. Una mpaka saa kumi jioni. Tunakushauri ubonyeze Nakubali ili kuepusha hatua zaidi.

"Picha zilezile matangazo saba?" Bi Skrubu alimgeukia wifi yake.

"Si zinafanana, wifi! Kumi zote zinafanana. Nikasema nisijichoshe."

"Umeniua na uvivu wako."

"Saa kumi itafika," Wifi alisema. "Wakifunga duka tutakula nini? Pengine tukikubali halafu tuwaandikie barua ya kuomba msamaha, watatufikiria. Mimi nitaiandika vizuri." Na kidole chake, kwa mazoea ya ile amani yake ya kununua, kilikuwa tayari kimekwenda juu ya skrini.

Bi Skrubu aliinyakua simu ile kwa kasi mpaka kifuniko chake kikachomoka. "Hakuna msamaha wa kuomba hapa! Hata wakifunga. Wifi, nisikilize vizuri, hata wakilifunga duka leo, nikashuka ngazi zile na sanduku kichwani, sitakubali kosa ambalo si langu. Wafunge nikiwa nimesema hapana. Nitauza mezani kando ya barabara, nitatengeneza redio za watu kibarazani, lakini kwenye karatasi zao hapataandikwa kwamba mimi nilikubali. Umenisikia?"

Wifi alikuwa amesikia. Mshona mapazia naye alikuwa amesikia, maana cherehani ilisimama.

Basi wakaanza kazi. Kila Bi Skrubu anapomaliza mashine, kabla hajaifunga, humtumia Wifi picha ya ndani yake, ikiwa na kipande cha karatasi ya gundi kilichoandikwa namba na tarehe, ili Wifi ajue imekamilika na inaweza kutangazwa. Wifi alikuwa akilalamika siku zote kwamba wifi za wenzake huwatumia picha za watoto na maua, yeye anatumiwa matumbo ya mashine.

"Fungua picha zangu," Bi Skrubu alisema.

Wifi aliinamisha kichwa. "Nilizifuta."

"Zote?"

"Simu ilikuwa imejaa!"

Bi Skrubu alitoa simu yake mwenyewe mfukoni mwa aproni. Yeye hakuwahi kufuta kitu maishani mwake. Zote zilikuwepo, mia tatu na kitu, matumbo ya mwaka mzima, kila moja na siku na saa iliyotumwa. Walizipitia wote wawili, vichwa vimegusana. Mwezi huu, zambarau, zambarau, zambarau. Mwezi uliotangulia, nyekundu. Wa kabla yake, buluu, kisha njano. Wa kabla ya huo, kijani, na katika kijani walikuta tatu tu za aina ile nyeusi, namba mbili, namba tatu na namba nne. Laptopu ya Mstaarabu ilikuwa namba tisa, na nukta yake ilimeta kwa zambarau kwenye picha iliyotumwa siku moja kabla haijauzwa.

"Wifi," Wifi alisema taratibu, "kumbe hizi rangi zina maana?"

"Ulidhani najirembea skrubu?"

Wifi alicheka, mara ya kwanza tangu Jumanne, kisha akakurupuka. Jambo moja ndilo ambalo Wifi hakulifanya kivivu hata siku moja: daftari la mizigo. Aliliandika kwa mwandiko wa shule, jina, namba ya simu, mtaa, mzigo gani. Alilifungua kwenye mwezi wa kijani akashusha kidole. Namba mbili ilikwenda kwa mwanafunzi, namba nne kwa ofisi ya bima. Namba tatu ilinunuliwa na akaunti iliyojiita Mama Nyumbani. Akasoma namba ya simu ya Mama Nyumbani. Akafungua ukurasa wa wiki iliyopita, akasoma namba ya simu ya Mstaarabu.

Aliligeuza daftari tu na kumwonyesha wifi yake. Ilikuwa namba moja, tarakimu kwa tarakimu.

Saa tisa na dakika arobaini waliutuma utetezi. Bi Skrubu alikataa usipambwe. Picha ya namba tisa yenye zambarau na siku yake. Picha ya namba tatu yenye kijani na siku yake. Video ya kufungua mzigo mbele ya mpeleka mizigo. Kurasa mbili za daftari. Na chini kabisa aliandika kwa kidole chake mwenyewe, kidole kilichozoea bisibisi na si herufi: "Mnunuzi ameapa kwamba laptopu yenye kijani ndiyo aliyoipokea wiki iliyopita. Wiki iliyopita sikuwa na kijani. Laptopu hii aliinunua miezi minne iliyopita kwa akaunti nyingine, akaimwagia chai, akanunua nyingine ili anirudishie hii. Muulizeni ya zambarau iko wapi. Kitufe cha Nakubali sibonyezi."

Saa kumi ilifika, duka halikufungwa. Saa kumi na moja halikufungwa. Jumamosi saa nne asubuhi ndipo jibu lilipokuja. Malalamiko yametupwa, kosa la tatu halitaandikwa, mauzo ya namba tisa yamefutwa, na akaunti zote mbili za mnunuzi zimezuiwa, hela na kila kilichomo, mpaka airudishe laptopu namba tisa na muuzaji abonyeze Nimepokea. Wifi alipiga kigelegele korido nzima. Mpiga picha akatoka na kitambaa cheupe mkononi kuuliza kuna harusi ya nani.

"Na lile neno?" aliuliza Bi Skrubu.

Wifi alitafuta. Neno lilikuwepo palepale, chini ya picha ya meza yake. Mwizi. Dawati lilieleza kwamba maoni ya mnunuzi hayafutwi na soko, ni mnunuzi mwenyewe tu anayeweza kuyabadilisha. Watu sitini na wawili walikuwa wameshalisoma, na tangu Jumanne hakuna hata mmoja aliyenunua kitu.

"Basi bado hatujashinda," alisema Bi Skrubu, akarudi kwenye meza yake.

Jumatatu asubuhi mlango uligongwa kwa adabu. Aliyeingia alikuwa mwanamume wa makamo, shati limenyooshwa vizuri, kalamu mbili mfukoni, laptopu nyeusi imefungwa kwenye taulo safi. Alisalimia kwa mpangilio, akauliza habari za nyumbani, akasema samahani kwa kuwaingilia kazini. Wifi kidogo amletee kiti. Bi Skrubu alimkata jicho, Wifi akabaki alipo.

"Mimi ndiye yule, yule wa mtandaoni," alisema mgeni.

"Mstaarabu," alisema Bi Skrubu.

"Ndiyo, Fundi. Nimeona niilete mwenyewe, kutuma nimeogopa. Mke wangu anauza nguo kwenye ile akaunti yake ya Mama Nyumbani, na sasa imefungwa, hela zake zote zimo mle ndani. Nyumbani hapakaliki." Alijaribu kutabasamu. "Kama utanibonyezea pale Nimepokea, nitashukuru sana."

Bi Skrubu aliifungua laptopu kwanza. Skrubu kumi na mbili. Zambarau. Akaifunga, akaiwasha, ikawaka kama alivyoiacha. Mgeni alisimama akiitazama mikono ya Bi Skrubu ikifanya kazi, na pengine ukimya ule ndio uliomshinda, maana alianza kusema bila kuulizwa.

"Ilimwagikiwa chai siku ya thelathini na mbili, Fundi. Dhamana yako ni siku thelathini. Siku mbili tu! Niliona uchungu. Nikasema, hawa wauzaji wa mtandaoni wana hela, hawataona hata pengo. Na watu waliniambia ukisema mwizi wanakurudishia haraka, wanaogopa nyota."

"Ungekuja." Sauti ya Bi Skrubu ilipanda, akaiacha ipande. "Ungepanda ngazi hizi ukasema, Fundi, nimemwaga chai, nisaidie. Ningekusema, ndiyo, ningekusema mpaka ujute kuzaliwa, halafu ningeiosha ile bodi siku hiyohiyo ikapona. Chai ya siku moja inaoshwa. Wewe umeiacha miezi imekula bodi yote, kisha ukaniita mimi mwizi mbele za watu. Unajua nimekaa hapa wiki nzima sipati mteja? Unajua huyu wifi yangu amelia?"

Mgeni alitazama chini. "Nisamehe, Fundi."

"Samahani yako nimeisikia mimi na wifi yangu na mshona mapazia. Waliosoma lile neno ni sitini na wawili, na hakuna hata mmoja wao aliyemo humu ndani. Toa simu uandike."

"Nibonyezee kwanza Fundi, kisha nitaandika nikifika nyumbani. Neno la kiungwana."

"Uungwana wako naujua. Andika hapa nikiwa nakuona."

Alitoa simu. Alifikiri, akaandika haraka haraka, mtu aliyezoea kuandika barua za ofisi, kisha akamgeuzia Bi Skrubu skrini asome. Aliandika: "Kulikuwa na kutoelewana kidogo kati yangu na muuzaji. Sasa tumeelewana na suala limekwisha."

Wifi alisoma begani kwa wifi yake, akatikisa kichwa kukubali. Ilikuwa imekaa vizuri, haikumuumiza mtu.

"Futa," alisema Bi Skrubu.

"Kwani ina ubaya gani, Fundi? Si nimeliondoa lile neno?"

"Hakukuwa na kutoelewana. Mimi na wewe tumeelewana tangu siku ya kwanza. Ulijua unachofanya, na mimi nilijua unachofanya. Andika ulichofanya."

Mgeni alimtazama Wifi, ambaye siku nyingine yoyote angemwokoa. Wifi alikunja mikono kifuani. "Andika, baba," alisema. "Sisi hatuna haraka."

Alifuta. Kisha, jasho linamchirizika kwenye kola iliyonyooshwa, akaandika neno la kwanza, nalo lilikuwa "Nilidanganya." Bi Skrubu alivuta kiti, akaketi kumsubiri amalize.